Nilivyovuka Ukumbi Kumwomba Bibi Sikudhani Tucheze

Kijiji cha Sepuka,
Wilaya ya Ikungi,
Singida.
14 Septemba 2025

Mpendwa dada Raheli,

Shikamoo dada. Ninakusalimu Jumapili hii baada ya ibada, nimekaa barazani na karatasi nimeilalia kwa kiwiko maana upepo wa mwezi huu hauna adabu. Habari za Tunduru? Shemeji Calist presha yake imetulia? Na wewe mwenyewe, bado wanakuachia wodi ya wazazi peke yako, au wamekuletea muuguzi mwingine wa kusaidiana naye? Naomba Mungu akutunze mgongo, maana najua huwezi kukaa chini mahali ambapo kuna mtu anaumwa.

Sisi huku tunaendelea. Flora, mama watoto, alishikwa na kikohozi cha vumbi mwezi wa saba, sasa amepona na amerudi kwenye kwaya. Watoto wanakwenda shule. Alizeti mwaka huu zimekuja nyingi, mashine ya kukamua nimeizima wiki hii tu, na mashudu yamejaa uwani mpaka kuku wamechoka kuyachagua.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Najua umeiona ile video.

Antipasi, mtoto wa mjomba, aliirusha kwenye kundi la ukoo Jumamosi ile ile, na kufika Jumatatu ilikuwa imewafikia watu wa Issuna ambao hatujaonana nao tangu msiba wa kaka Naftali. Inanionyesha nimesimama katikati ya ukumbi, nimenyosha mkono kama ombaomba, na mbele yangu bibi mmoja ameketi na kugeuza uso. Halafu inakatika. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. "Zefania, umetutia aibu gani tena kwenye sendofu ya kumuaga Hana?" Nilishika simu nikupigie nikaiweka. Unanijua mimi na simu, maneno yananikwama kooni na mtu wa upande wa pili anadhani mtandao umekatika. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama, kwa hiyo nakuandikia, nawe usome mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Mambo yalianzia kwenye posa, mwezi wa sita.

Watu wa Elisha walikuja kutoka Sekenke kumposa Hana, tukawapokea nyumbani kwa mama yake, shemeji Kristina. Kwa kuwa baba yake, kaka Naftali, hayupo, mimi baba mdogo ndiye niliyekaa kwenye kiti cha baba. Mazungumzo yalikwenda vizuri kwa sababu wazee wengine ndio waliozungumza. Yalipokwisha, wanawake wa upande wao wakaingia ndani kusalimiana na sisi, na wa kwanza kuingia alikuwa bibi yake Elisha, Bibi Sikudhani. Ndiye aliyemlea huyo kijana tangu wazazi wake walipofariki. Ni mama mrefu, mweusi tii, anatembea na fimbo lakini fimbo ndiyo inayomfuata yeye. Watu wote wakasimama. Shikamoo, shikamoo, shikamoo, chumba kizima. Mimi nilikuwa karibu na mlango. Akanitazama, akangoja.

Dada, nilifungua mdomo nikakosa sauti. Macho ya watu wote yalikuwa kwangu, ulimi ukaganda, masikio yakaanza kuvuma. Nikapita mbele yake, nikatoka nje. Nikajifanya nakwenda kutazama pikipiki za wageni kama ziko kivulini. Nilikaa huko mpaka waliponiita kula.

Wiki tatu baadaye mshenga wao, mzee Abraham, akaja akiwa na uso mzito. Akasema Bibi Sikudhani amesema mjukuu wake hawezi kuoa kwenye nyumba ambayo baba hasalimii wazee. Kwamba tunawadharau, tunawaona watu wa mashimo ya dhahabu wasio na ukoo. Wazee wa pande zote mbili walimtuliza kidogo, akakubali kuja kwenye sendofu, lakini kwa sharti moja: atakuja kututazama kwa macho yake. Akiona dharau tena, harusi haipo. Na Elisha amekwishasema hawezi kufunga ndoa bila neno la bibi yake.

Hana alinifuata kwenye mashine jioni ile. Nikazima injini. Akaniuliza, "Baba mdogo, ni kweli hukumsalimia?"

Nikamjibu kwamba nilisahau kwa sababu ya shughuli nyingi. Nilimdanganya mtoto wa marehemu, dada. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka, na afadhali angenitukana.

Kumbe baya zaidi lilikuwa bado. Kamati ya sherehe ilikuwa imekwishapanga ratiba, na kwenye ratiba, baada ya chakula, kuna kufungua muziki. Siku hizi ndivyo wanavyofanya: baba wa binti anavuka ukumbi mzima, anakwenda upande wa wageni, anachagua mtu mmoja asiyemfahamu, anamwomba wacheze. Watu wote wamekaa, wao wawili tu ndio wako katikati. Nilimfuata shemeji Kristina nikamwomba alifute jambo hilo. Alikuwa anachambua mchele, akauchambua mpaka ungo ukaisha.

"Shemeji," akasema, "tukilifuta ndipo watakaposema tunawadharau kweli. Naftali angevuka."

Nikarudi nyumbani nikashindwa kula.

Wewe ulikuwa umekwishaondoka kwenda chuo cha uuguzi, kwa hiyo hukuona yaliyonipata Issuna nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Kulikuwa na dansi ya Krismasi shuleni, alasiri, redio kubwa ya betri. Nilimpenda kwa mbali binti mmoja mgeni aliyekuja kwa shangazi yake. Wenzangu wakanisukuma, nikavuka uwanja, nikafika mbele yake. Akaniuliza, "Unasemaje?" Maneno yakanipotea yote. Nikamwambia, "Samahani, naulizia choo." Vijana walicheka mpaka wakaanguka. Mwaka mzima jina langu pale kijijini lilikuwa Choo. Tangu siku ile sikuwahi kumwomba mtu yeyote tucheze, na hata mke wangu, unajua mwenyewe, ni yeye aliyenichumbia mimi.

Flora ndiye niliyemweleza ukweli wa ile siku ya posa. Nilidhani atanicheka. Yeye akaniuliza, "Zimebaki Jumapili ngapi?" Nikamwambia nne. Akasema, "Basi tunakwenda mjini."

Mjini Singida kuna ukumbi mmoja ambao kila Jumapili kuanzia saa tisa bendi ya watu wazima inapiga dansi. Si mahali pa vijana. Ni wastaafu, walimu, mama wa sokoni, watu wanaopenda kucheza na kurudi nyumbani kabla ya jua kuzama. Tukitoka kanisani tulipanda pikipiki yangu na Flora. Mwenzake mmoja wa kwaya alituona tukiingia pale akashika kinywa. Flora akamwambia, "Tumekuja darasani," akapita.

Nilimwambia mke wangu kwamba nitacheza na yeye. Akakataa katakata. "Mimi si mgeni kwako. Kucheza na mimi hakukufundishi kitu." Akaagiza soda mbili, akakaa kama msimamizi wa mtihani.

Jumapili ya kwanza nilikaa nyimbo nyingi nikitazama mwanamke mmoja wa gauni la kijani aliyekuwa ameketi peke yake meza ya nne. Umbali haukufika hatua kumi na tano. Niliinuka. Viatu vikawa vizito kama vimejaa matope. Nilipomfikia akaniinulia uso, na mimi, dada yangu, nikaendelea kutembea. Nikampita. Nikapita na meza ya nyuma yake, nikatoka mlangoni, nikasimama nje kwenye pikipiki natetemeka, jasho linanitoka na upepo wa Singida ulivyo baridi. Flora alitoka. Akapanda nyuma. Tulirudi Sepuka, na njia nzima nilikuwa namwona Hana amevaa gauni lake na watu wa Sekenke wanageuza magari.

Jumapili ya pili nilirudi. Usiniulize nilipata wapi moyo. Nadhani nilimwogopa Flora zaidi. Nilimfikia mama mmoja mwembamba mwenye miwani, nikasema kwa sauti isiyotoka vizuri, "Naomba tucheze." Akanitazama, akasema, "Hapana kaka, nimechoka." Basi. Lile nililoliogopa miaka ishirini na zaidi likawa limenipata. Nikarudi kwenye kiti.

"Umekufa?" Flora akauliza.

"Sijafa."

"Basi nenda tena."

Nikaenda tena. Nikamwendea yule wa gauni la kijani, siku hiyo alikuwa amevaa la maua. Kabla sijasema neno akacheka, akasema, "Nilidhani hutafika. Nimekuona unakuja tangu Jumapili iliyopita!" Jina lake Scholastika, anauza mitumba sokoni, mjane, mwili mkubwa na miguu myepesi kama ya ndege. Alinivuta katikati. Nilimkanyaga, nikaomba radhi, nikamkanyaga tena. Akaniambia niache kuomba radhi maana kila nikiomba radhi nakosea hatua.

Wimbo ulipoisha nilimpeleka mpaka mezani kwetu, akakaa na Flora wakawa marafiki palepale. Flora, bila kunionea aibu, akamsimulia habari zote za posa na sendofu. Scholastika akaacha kucheka.

"Kaka Zefania," akasema, "wewe unakuja kwa mtu kama unakuja kuomba msamaha. Mtu anaona hofu, na yeye anaogopa. Kwanza msalimie. Halafu nyosha mkono. Halafu nyamaza, ungoje. Watu wengi wanashindwa hapo kwenye kungoja. Wanakimbia kabla mtu hajajibu, halafu wanasema wamekataliwa."

Jumapili mbili zilizobaki nilifanya hivyo. Wengine walikubali, wengine walikataa. Mmoja alikataa na mumewe akanitazama vibaya mpaka nikanywa soda yangu kwa mkupuo. Sikuacha kutetemeka, dada, nisikudanganye. Nilijifunza tu kutetemeka huku nimesimama.

Sendofu ikafika, Jumamosi tarehe sita. Tuliifanya mchana, ukumbini Ikungi, ili wageni wa Sekenke wawahi kurudi. Walitakiwa saa saba. Ikafika saa nane, hakuna mtu. Shemeji Kristina alikuwa anatoka mlangoni anarudi, anatoka anarudi. Hana alikuwa chumba cha pembeni amekwishapambwa, anamtuma mtu kila dakika aje aulize. Saa nane na nusu mzee Abraham, aliyekuwa ametangulia kufika, akampigia Elisha, simu haipatikani. Nilianza kusikia watu wa meza za nyuma wakinong'ona kwamba wale watu hawaji, na nikasikia jina langu.

Saa tisa kasoro kosta yao ikaingia. Walishuka kimya, hakuna vigelegele. Bibi Sikudhani akashuka wa mwisho, akawekwa mstari wa mbele. Wakati wa utambulisho, mshereheshaji alipotaja majina ya upande wetu, watu wao walipiga makofi kwa adabu, na yeye alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya fimbo. Nilipotajwa mimi aliangalia dari.

Sasa nikuambie siri moja. Flora alikuwa amekwishanipangia. Alizungumza na dada mmoja wa Elisha, binti mchangamfu, kwamba nikivuka nimwendee yeye, na yeye angeinuka mara moja. Nisingeulizwa, nisingekataliwa. Watu wangepiga makofi, tungemaliza.

Chakula kikaisha. Mshereheshaji akasimama, akasema kwa mbwembwe, "Na sasa baba yetu atavuka bahari, akatuchagulie mgeni mmoja!" Dijei akaweka muziki. Nikainuka.

Ule ukumbi ni mpana. Nilitembea, na masikio yangu yakaanza kuvuma vilevile kama siku ya posa. Nilimwona yule binti mstari wa pili, amekwisha kujiandaa, anatabasamu. Na katikati yangu na yeye alikuwa Bibi Sikudhani, ameangalia pembeni, shingo imekakamaa. Nikaona waziwazi kitakachotokea. Nitampita. Nitampita mbele yake kwa mara ya pili, safari hii kwa makofi na muziki, na ukoo wake wote utaona.

Nikasimama mbele yake.

Nilisikia Flora nyuma yangu akisema, "Yesu wangu." Watu walinyamaza. Dijei, sijui nani alimwambia, akazima muziki, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele zote. Hapo ndipo Antipasi alipoanza kupiga video yake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia.

Dada, wewe unajua shikamoo isiyoitikiwa inavyouma, na mbele ya watu mia mbili. Nilinyosha mkono. "Nimekuja kukuomba tufungue muziki."

Akageuza uso. Mkono wangu ukabaki hewani. Hapo ndipo video inapokatika, na watu wa Issuna, na wewe huko Tunduru, mkalala mkijua Zefania amekataliwa na ameharibu.

Miguu yangu ilitaka kuondoka. Naapa ilikuwa imekwisha kugeuka kidogo, kisigino kimeinuka. Sijui ningefika wapi. Nadhani ningefika mpaka Manyoni. Lakini sikuondoka. Nilingoja. Mtu akakohoa. Nikaendelea kungoja.

Mwishowe akasema bila kunitazama, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti, "Wewe si ndiye uliyenipita siku ya posa kama umepita gogo?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Leo umenionaje? Nimegeuka kuwa mtu?"

Watu wa upande wetu wakaguna. Nilimwona mzee Abraham anainuka kuja kuamua. Nikajua akija yeye, mambo yatasemwa na wazee, yatasemwa vizuri, na bibi huyu hatayaamini. Nikasema kabla hajafika.

"Siku ile niliogopa, mama. Niliona watu wote wananitazama, salamu ikanikwama. Nikatoka nje nikajifanya natazama pikipiki. Nikamdanganya na mtoto kwamba nilisahau. Sikusahau. Haikuwa dharau, ilikuwa woga."

Hapo akanitazama. Alinitazama kuanzia viatu.

"Mtu mzima na ndevu zako, unaogopa bibi kizee?"

"Naogopa watu wote," nikamjibu. "Lakini wewe zaidi."

Dada, ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Pande zote mbili. Nilihisi uso wangu unawaka moto, na mkono wangu bado uko pale pale, unatetemeka watu wanauona. Yeye hakucheka. Aliutazama ule mkono. Nadhani alikuwa anapima kama mtu anaweza kuigiza mtetemo wa namna ile.

"Marahaba," akasema.

Akampa jirani yake fimbo. Nilitaka kumshika kiganja, akanikataza. "Nishike kiwiko. Goti hili halinitii." Alipoinuka, wanawake wa Sekenke walipiga kigelegele cha kwanza tangu walipofika, na shemeji Kristina akakaa kwenye kiti kama mtu aliyekatwa kamba.

Dijei akarudisha muziki. Bibi akamwonyesha mkono azime. Akasema yeye hachezi na spika. Akaanza kupiga makofi polepole, na wenzake wakaanza kuimba wimbo wao wa Kinyiramba, wimbo wa kumpokea mwali, sikuujua hata neno moja. Tulicheza hivyo. Kucheza ni neno kubwa; tulikuwa tunasogea, yeye anapiga hatua moja, mimi namfuata, jasho linanitiririka mgongoni. Katikati ya wimbo akanisogelea sikioni.

"Mngetuma mtu aniambie wewe ni mwoga," akasema. "Mimi nilikwisha kukataa kushonewa kitenge cha harusi."

"Bado muda upo, mama," nikamwambia.

"Upo. Kesho nampelekea fundi."

Tulipomaliza, wao wakavuka kuja kwetu, sisi tukavuka kwenda kwao, na sikuona tena upande. Hana alitolewa chumbani akacheza na Elisha mpaka viatu akavivua. Baadaye alinifuata nilipokuwa nimekaa peke yangu nyuma ya ukumbi nikipumua. Alisimama tu karibu yangu, akaweka mkono begani kwangu. Nikamwambia, "Nilikudanganya kule kwenye mashine." Akasema, "Nilijua, baba." Hakusema baba mdogo. Alisema baba.

Basi harusi ipo, dada. Ni Jumamosi tarehe nne Oktoba, kanisani kwao Iramba. Antipasi nimemwambia akatafute kipande kilichobaki, anasema simu ilijaa. Nimemsamehe.

Sasa kuna jambo jingine, na ndilo lililonifanya nichane karatasi tatu kabla ya hii.

Tangu nisimame mbele ya yule mama nimekuwa najiuliza, ni wangapi niliowapita. Nikakufikia wewe. Mwaka juzi, baada ya kumzika Naftali, uliondoka alfajiri ya Jumatano. Watu wote walikuja kukusindikiza mpaka barabarani, mimi sikuja. Niliwasha mashine nikakaa nayo, na hakukuwa na alizeti za kukamua. Nililisikia gari likija, nikalisikia likiondoka. Nilijua nikikuona nitalia mbele ya watu, na nilikuwa sijui nikuambie nini, wewe uliyenibeba mgongoni kwenda kliniki mama alipokuwa mgonjwa, wewe uliyeninunulia daftari langu la kwanza. Tumebaki wawili tu, na nikakuacha uondoke hivyo. Tangu wakati huo hujaja nyumbani. Kila mara unasema ni kazi. Hata sendofu hukuja, na wewe ndiye shangazi. Sikuwahi kukuuliza kama kweli ni kazi, kwa sababu niliogopa jibu.

Nisamehe, dada. Haikuwa kwamba sikujali.

Nakuomba uje kwenye harusi. Ninaomba mimi mwenyewe, simtumi Flora wala Kristina. Ukiwa huwezi, niambie huwezi, nitalipokea. Lakini nikikusikia au nisikusikie, Ijumaa tarehe tatu nitakuwa stendi ya Singida tangu asubuhi, nitatazama kila basi linalotoka kusini mpaka la mwisho.

Flora anakusalimu wifi yake na anasema usimsahaulie zile korosho. Shemeji Kristina anakusalimu sana. Hana na Elisha wanaomba baraka zako kabla ya siku yenyewe. Mzee Abraham naye, ingawa hajakuona, anasema anataka kumjua huyo shangazi anayetajwa kila kikao. Nisalimie shemeji Calist, na watoto wote, yule mdogo umwambie mjomba wake wa Sepuka anajua kucheza, asiamini video.

Barua hii nampa mwalimu mmoja anayekwenda Songea kesho, atakuwekea kwenye basi la Tunduru. Mungu aliyetuachia uhai baada ya ndugu yetu akulinde njiani na kazini, akufikishe salama.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ingawa sikuwahi kukuambia,

Zefania